Mwerezi au Mtarakwa? Jani, Tunda na Koni katika Ufasili wa Majina ya Miti ya Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kuzungumzia jambo ambalo wanaleksikografia wetu wamelichukua kwa muda mrefu kuwa dogo, nalo ni jinsi majina ya miti yanavyofasiliwa katika kamusi za Kiswahili. Mtu afunguaye kamusi ili atafute maana ya jina la mti asioujua hukuta mara nyingi kwamba neno hilo ni "aina ya mti", na pengine akaongezewa kwamba mbao zake ni nzuri au kwamba mizizi yake ni dawa. Fasili ya namna hiyo ina kasoro moja kubwa: aujuaye mti huo haihitaji, na asiyeujua haimfikishi popote.

Dai letu ni kwamba jina la mti halijafasiliwa mpaka msomaji aweze kusimama chini ya mti, aokote jani au tunda lililoanguka, kisha aseme kwa hakika, "Ndio huu" au "Sio huu." Ili kulithibitisha dai hilo tutatumia mifano ya wilaya mbili za magharibi ya Kenya ambazo leo ni kaunti, yaani Trans Nzoia, ambayo mji wake mkuu ni Kitale, na Bungoma. Tutajishughulisha zaidi na miti yenye majani ya sindano au ya magamba, kwa kuwa ni katika miti hiyo Kiswahili chetu kimepungukiwa kuliko katika miti mingine yote.

Sababu ya upungufu huo haifichiki. Kiswahili kilikulia pwani, na msamiati wake wa mimea ni tajiri kwa mnazi, mkoko, mbuyu na mwembe. Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, na Mlima Elgon ulio jirani yake huendelea kupanda hadi kilele cha Wagagai, mita 4,321 juu ya usawa wa bahari. Kiswahili kilipokwea huko kilikuta miti ambayo hakikuwa na majina yake. Baadhi ya majina kiliyapokea kutoka kwa wenyeji, mengine kutoka kwa Waingereza, na mengine kutoka katika Maandiko Matakatifu. Hayo matatu hayakupatanishwa kamwe.

2. Zoezi la darasani

Haja ya kuandika makala hii ilitokana na somo la tafsiri. Tuliwapa wanafunzi tangazo fupi la Kiingereza lililowaonya wananchi wasikate miti ya asili msituni, na miongoni mwa miti iliyotajwa ulikuwamo ule ambao Kiingereza cha Kenya huuita *cedar*. Wanafunzi wengi waliandika "mwerezi". Wawili walikwepa kwa kuandika "seda". Mmoja tu, aliyezaliwa Kapsokwony kwenye miteremko ya Elgon, aliandika "mtarakwa", na wenzake wakamcheka kwamba ameingiza lugha ya kwao.

Juma lililofuata tuliwapeleka mlimani. Mzee mmoja wa Kisabaot alikubali kutuongoza, na tulipofika mbele ya mti mrefu wenye gome linalochunika kwa vipande virefu tulimwuliza kama huo ndio mwerezi. Alitutazama kwa upole, akasema: "Mwalimu, mwerezi mimi nimeusikia kanisani tu. Huu ni tarakwet. Nguzo za ua wa babu yangu zilikuwa za mti huu, na mchwa hawakuziweza." Kisha akatuvunjia kitawi chenye vitunda vya rangi ya samawati iliyoiva kuwa nyeusi, akatuwekea viganjani.

Wanafunzi hawakucheka tena. Kosa halikuwa la tahajia wala la sarufi. Lilikuwa kosa la maana. Msomaji wa Kapsokwony ambaye angesoma tangazo lile kwa tafsiri ya wengi angeelewa kwamba serikali inamkataza kukata mti wa Lebanoni, ambao hajapata kuuona, na asingeelewa kwamba anakatazwa kukata mti ulio nyuma ya nyumba yake. Jambo hili si la mzaha. Mnamo Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ikadumu hadi ilipoondolewa mwaka 2023. Katika mambo kama hayo, tofauti baina ya mti uliopandwa ili uvunwe na mti wa msitu wa asili ni tofauti baina ya kazi halali na kosa mbele ya sheria.

3. Nasaba ya majina

Kabla ya kuitazama miti yenyewe, yafaa tuyachunguze majina tunayoyarithi.

Neno "mwerezi" ni jina la mti wa Lebanoni, Cedrus libani. Waarabu huuita *arz* na Waebrania *erez*. Wasomaji wengi wa Kiswahili wamelipata neno hilo katika Biblia, na hasa katika tafsiri ya Union Version iliyotolewa mwaka 1952. Katika tafsiri hiyohiyo mna "mberoshi", neno lililochotwa katika Kiebrania *berosh*, pamoja na "mtidhari" na "mteashuri", ambayo nayo ni majina ya Kiebrania yaliyovikwa kiambishi cha miti. Wafasiri walifanya kazi ya heshima: walipokosa jina la Kiswahili walichukua jina la asili na kuliingiza katika ngeli yake. Hatari ilianza pale sisi wengine tulipoyachukua majina hayo na kuyabandika kwenye miti ya kwetu kwa sababu tu Kiingereza kilitumia neno moja kwa yote mawili.

"Msonobari" ni neno la Kiarabu, *sanawbar*, na lina maana ya mti wa jenasi Pinus. Neno hili ni sahihi, lakini si wengi walitumiao Kitale. Huko watu husema "paini", kama wasemavyo "saipresi" kwa mti wa jenasi Cupressus. Majina haya ya Kiingereza yalikuja pamoja na mashamba ya miti ya kigeni. Reli ya kutoka Eldoret ilifika Kitale mwaka 1926, na walowezi walihitaji mbao na nguzo. Baadaye, mwaka 1974, kiwanda cha karatasi cha Pan African kilianza kazi Webuye, katika Bungoma, na mapaini yalipandwa kwa wingi katika msitu wa Turbo ili kukilisha. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2009, lakini neno "paini" limebaki vinywani mwa wapasua mbao, mafundi na watoto wa shule.

"Mtarakwa" lina njia tofauti. Kikalenjini husema *tarakwet*, Kimaasai *oltarakwai*, na Kigikuyu *mutarakwa*. Kiswahili cha Kenya kimelitwaa likiwa na kiambishi cha m-/mi-, na limekaa humo bila taabu: mtarakwa huu, mitarakwa hii.

Hapa kuna jambo la sarufi lipasalo kuangaliwa. Ngeli ya m-/mi- ndiyo makao ya miti katika Kiswahili, kama vile kumu-/kimi- ilivyo makao yake katika Kibukusu, ambamo mti ni *kumusaala* na miti ni *kimisaala*. Mti wa Kiswahili hutaja pia tunda lake: mwembe na embe, mchungwa na chungwa, mkuyu na kuyu, mbuyu na buyu. Mwenye kulijua tunda ameujua mti. Basi tazama "paini" na "saipresi". Hayana kiambishi cha mti. Watu husema "paini hii" na "paini hizi", au huongeza neno na kusema "mti wa saipresi". Na matunda yake? Hayana jina. Tunaweza kusema kwamba majina haya hayajaota mizizi: yameingia lugha kama majina ya mbao sokoni, si kama majina ya viumbe hai vyenye jani, ua na mbegu.

4. Yale yaonekanayo mkononi

Sasa na tuieleze miti yenyewe kwa zile alama mtu awezazo kuzishika. Tumeyapanga maelezo haya kwa namna ambayo mwanaleksikografia asiye mwanabotania aweze kuyatumia.

4.1 Paini. Hakuna paini hata moja ambayo ni ya asili katika Afrika ya Mashariki, zote zililetwa. Alama yake kuu ni kwamba majani ni sindano ndefu, na sindano hizo hazioti mojamoja bali hufungwa pamoja katika vicha vidogo, kila kicha kikishikwa chini na ala nyembamba. Paini mbili zijulikanazo zaidi katika nyanda za juu za Kenya huwa na sindano tatu katika kicha. Ya kwanza, Pinus patula, ilitoka Meksiko. Sindano zake ni nyembamba, hufikia sentimita 15 hadi 25, nazo huning'inia kama nywele zilizochanwa. Koni zake ni ngumu, hukaa kwa mafungu zikiwa zimeubana mti, na huweza kubaki mtini miaka mingi bila kufunguka. Ya pili, Pinus radiata, ilitoka California. Sindano zake ni fupi zaidi na hazining'inii, na koni yake ni kubwa na imevimba upande mmoja kuliko mwingine. Katika miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu uitwao Dothistroma, ambao hukausha sindano, uliishambulia mno hata upandaji wake ukaachwa. Kwa hiyo mtu aokotaye koni leo huenda akaokota ya Pinus patula.

4.2 Saipresi. Saipresi ipandwayo zaidi ni Cupressus lusitanica. Jina lake la kitaalamu lenyewe ni funzo kwa wanaisimu, kwani *lusitanica* maana yake ni "ya Ureno", ilhali mti ni wa Meksiko na Amerika ya Kati; uliitwa hivyo kwa kuwa ulijulikana na wanabotania ukiwa umepandwa Ureno. Majani yake si sindano. Ni magamba madogo sana yaliyobana kitawi kwa jozi zilizopandana, hata mtu asiyetazama kwa makini hudhani kitawi hakina majani. Koni yake ni ya mviringo, upana wake kiasi cha sentimita moja na nusu, yenye magamba sita hadi manane yaliyo magumu kama mti, na kila gamba lina kincha kidogo katikati. Ikiwa changa ina vumbi la rangi ya kijivu-samawati. Ikikomaa huwa kahawia, magamba yakaachana na mbegu zikamwagika. Huu ndio mti ambao matawi yake hukatwa mwezi wa Desemba na kupambwa majumbani, na ndiyo maana watoto wengi wa Kitale huuita "mti wa Krismasi".

4.3 Mtarakwa. Mtarakwa ni Juniperus procera. Huu ni wa asili, nao humea milimani kuanzia Uarabuni hadi Zimbabwe. Kiingereza huuita mwerezi wa penseli kwa sababu mbao zake nyekundu zenye harufu nzuri zilitumika kutengenezea penseli. Lakini si mwerezi. Mwerezi wa Lebanoni una sindano fupi zilizokusanyika nyingi pamoja kama kishada juu ya kijiti kifupi, na koni yake ni kubwa kama pipa dogo, imesimama wima juu ya tawi, na hupukutika gamba kwa gamba. Mtarakwa uliokomaa una majani ya magamba yanayofanana sana na ya saipresi, na mchanga una majani yachomayo kama sindano. Ila tunda lake haliwezi kukosewa: ni koni iliyogeuka kuwa ya nyama, laini, isiyofikia sentimita moja, samawati inayoelekea nyeusi, yenye unga mweupe ufutikao kwa kidole. Ndege huila. Koni ya saipresi hakuna ndege aimezaye.

Yapasa tukiri ugumu mmoja. Mitarakwa ya kiume na ya kike ni miti mbalimbali, na ule wa kiume hauzai vitunda. Mwenye kuutambua mti asikate shauri kwa kutazama mti mmoja. Na atafute wa jirani. Tahadhari hiyo ni ya kamusi pia: fasili itajayo alama moja tu huanguka mara alama hiyo ikosekanapo.

4.4 Podo. Chini ya jina hili moja watu hukusanya miti miwili ya asili ya Elgon. Yote miwili ina majani bapa, membamba, marefu, yasiyo na meno ukingoni, ambayo si sindano wala magamba. Podocarpus latifolius, ambao vitabu vya zamani huuita milanjianus, una majani makubwa zaidi, na mbegu yake hukaa juu ya kikonyo kilichovimba kikawa chekundu au zambarau, kama mtu aliyeketi juu ya mto. Afrocarpus gracilior una majani mafupi na membamba zaidi, na mbegu yake ni duara, ya kijani inayoelekea manjano, kiasi cha sentimita mbili, bila ya kikonyo kilichovimba. Hapa etimolojia ina la kutuambia. *Podocarpus* ni Kigiriki, maana yake "tunda lenye mguu". Wanabotania walipoutenga ule wa pili katika jenasi ya peke yake mwishoni mwa miaka ya 1980, mojawapo ya alama zilizowaongoza ni kwamba tunda lake halina mguu. Basi fundi asemaye "podo" kwa mti wa pili anautaja kwa kiungo usichokuwa nacho.

4.5 Mvinje. Mti huu tunauongeza kwa sababu ya wanafunzi wetu wa pwani. Wafikapo Kitale na kuona paini, wengi husema, "Kumbe huku pia kuna mivinje!" Kosa lao ni la kuheshimika, kwani limetokana na kutazama. Mvinje, Casuarina equisetifolia, una vitu kama sindano na vitu kama koni. Lakini ile "sindano" ni kitawi chenye viungo. Ukikivuta hukatika kiungoni, na ukikitazama utaona majani halisi, meno madogo sita hadi manane yaliyozunguka kiungo. Na ile "koni" ni fungu la matunda ya mmea utoao maua. Kwa nasaba, mvinje uko mbali na paini kuliko mchungwa ulivyo mbali na mbuyu.

5. Ufunguo mfupi

Tulipokuwa masomoni ng'ambo tulizoea kuona vijitabu vya mfukoni ambavyo humwongoza mtu kuutambua mti kwa kumpa machaguo mawili kila hatua. Hakuna sababu ya Kiswahili kukosa kitu cha namna hiyo. Huu hapa, kwa miti tuliyoieleza:

(1) Vuta kitawi chembamba cha kijani. Kikikatika kwenye viungo vyenye meno madogo, ni mvinje. La sivyo, endelea na (2).

(2) Majani yakiwa sindano ndefu zilizofungwa chini kwa ala, ni paini, nenda (3). La sivyo, nenda (4).

(3) Sindano zikining'inia na koni zikiwa kwa mafungu mtini, ni Pinus patula. Sindano zisipong'inia na koni ikiwa kubwa, imevimba upande mmoja, ni Pinus radiata.

(4) Majani yakiwa magamba madogo yaliyobana kitawi, nenda (5). Yakiwa bapa na marefu, nenda (6).

(5) Koni ikiwa ngumu na yenye magamba yaachanayo, ni saipresi. Ikiwa laini, ya samawati, yenye unga, ni mtarakwa.

(6) Mbegu ikiwa juu ya kikonyo kilichovimba, ni Podocarpus latifolius. Ikiwa duara bila ya kikonyo hicho, ni Afrocarpus gracilior.

Tuliwapa wanafunzi ufunguo huu pamoja na rundo la vitawi na koni tulizookota njiani. Waliokuwa hawajapata kukanyaga msitu waliweza kuvitenga. Waliokwama walikwama katika (5), na kila mara sababu ilikuwa ileile: kitawi hakikuwa na tunda.

6. Miti ya majani mapana

Asidhani msomaji kwamba tatizo hili ni la miti ya sindano pekee. Mti mashuhuri wa Elgon ni ule uitwao kwa Kiingereza msaji wa Elgon. Ukifasiriwa hivyo, neno kwa neno, msomaji wa Kiswahili atapotea, kwa maana msaji ni Tectona grandis, mti wenye jani kubwa mno, pana na lenye kukwaruza. Mti wa Elgon ni Olea capensis, wa jamaa ya mzaituni: jani lake ni jembamba, huota mawili mawili yakitazamana, ukingo wake una mawimbi, na tunda lake ni kijizaituni kidogo chenye kokwa. Mwenye kuona jani na tunda hawezi kuuita msaji hata kwa bahati mbaya.

Wabukusu na Waluhya wengine, kwa upande wao, hawana haja ya kukopa majina ya miti ya kwao. Lusiola, Markhamia lutea, hutambulikana kwa jani lenye vijani vingi vilivyopangwa kwa jozi, ua la manjano lenye umbo la tarumbeta, na tunda refu jembamba lining'iniialo kama kamba. Musutsu, Croton macrostachyus, una jani la umbo la moyo ambalo likizeeka hugeuka rangi ya machungwa kabla ya kuanguka, na kitunda chenye sehemu tatu. Murembe, Erythrina abyssinica, una vijani vitatu juu ya kikonyo kimoja, miiba, na mbegu nyekundu. Mtoto wa Bungoma hujifunza alama hizi kwa kuchunga na kutafuta kuni. Yaani fasili kamili zimo vichwani mwa watu. Zisizokuwamo ni kamusi.

7. Suala la istilahi

Tulipowauliza wanafunzi waitaje koni ya paini kwa Kiswahili tulipata majibu matatu: "tunda", "mbegu" na "koni". "Mbegu" halifai, kwa kuwa mbegu zimo ndani ya kitu hicho. "Tunda" linaeleweka na watu wote, na sisi wenyewe tumelitumia humu pale tulipozungumza kwa jumla. Lakini kwa mwanabotania tunda huficha mbegu ndani ya nyama au ganda lililotokana na ua, hali mbegu za paini zimelala wazi juu ya magamba.

Liko pia neno "pia", ambalo walimu wa hisabati hulitumia kwa umbo lenye kitako cha duara na ncha. Ni neno zuri na la kwetu. Hata hivyo tunaona liachiwe hisabati, kwa kuwa koni ya saipresi ni ya mviringo na haina umbo la pia hata kidogo. Tunapendekeza "koni" kwa sehemu ya mmea, neno ambalo limekwisha kusikika, "sindano" kwa jani jembamba la mviringo kama la paini, na "gamba" kwa kijani kilichobana kitawi na pia kwa kipande cha koni. Maneno mawili kati ya matatu hayo ni ya Kiswahili cha kila siku, wala hayahitaji kamati.

8. Mapendekezo

Hatudai kwamba kazi hii haijapata kuguswa. Greenway, aliyekuwa mwanabotania wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, na mwaka 1961 yeye na Dale walitoa kitabu kikubwa juu ya miti na vichaka vya Kenya. Kitabu cha Beentje cha mwaka 1994 kimeendeleza kazi hiyo pamoja na majina ya lugha za wenyeji. Lakini vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza, na mwanaleksikografia wa Kiswahili huvichota majina akayaacha maelezo. Anachukua ganda na kutupa kiini.

Tunapendekeza basi kwamba fasili ya jina la mti iwe na mambo manne: umbo na mpango wa jani, umbo la tunda au koni, mahali mti umeapo na kama ni wa asili au umeletwa, na jina la kitaalamu. Kwa mfano:

mtarakwa *nm* [mi-]: mti mrefu wa asili wa nyanda za juu, wenye majani ya magamba madogo yaliyobana kitawi, na koni ndogo laini za rangi ya samawati nyeusi, mbao zake nyekundu haziliwi na mchwa. Juniperus procera. *Usichanganywe na* mwerezi.

mwerezi *nm* [mi-]: mti wa milima ya Lebanoni, wenye sindano fupi zilizokusanyika kwa vishada na koni kubwa zilizosimama wima. Cedrus libani.

Maneno hayo hayazidi mistari sita, na yanatosha kumwokoa mfasiri na aibu iliyotupata sisi.

Pendekezo la pili ni la wahadhiri wenzetu. Katika eneo la Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, mna njia ipitayo ndani ya kipande cha msitu wa asili. Mwendo wa saa moja humo, ukiwa na daftari na mtu wa mahali hapo, hufundisha semantiki kuliko mihadhara kadhaa. Tulipokuwa tukirudi kutoka mlimani, yule mwanafunzi wa Kapsokwony alikuwa bado ameshika kitawi alichopewa na mzee. Wenzake walimwomba awatajie tena jina lake, kisha wakaliandika, kila mmoja kwa herufi zilezile: m-t-a-r-a-k-w-a.